UZI: Nimekaa na kopo la manjano la mama nikapiga hesabu. Wenye wagonjwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, piteni hapa

#1 Mchuuzi wa Muheza

Wakuu, habari za jioni.

Mie ni mchuuzi wa viungo. Nanunua pilipili manga, iliki na mdalasini kwa wakulima wa Amani na vijiji vya chini yake, nashusha Tanga mjini. Manjano nayo napitisha msimu wake ukifika. Nalitanguliza hili ili asije mtu akasema mimi nachukia mitishamba. Mitishamba ndiyo inayoninunulia unga nyumbani.

Mama yangu mwaka juzi aliganda damu mguuni, akawekwa kwenye warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Wenye wagonjwa wa namna hii mnaijua shughuli yake: kila mwezi kupima damu, kile kipimo cha INR kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na yeye ameambiwa isome kati ya 2 na 3; ikipanda sana, damu inatoka ovyo. Mwaka mzima ilikuwa inacheza humo humo, hata tukasahau kama kuna ugonjwa.

Jioni moja natoka Muheza namkuta kakaa barazani, pembe ya khanga kaibana puani, imelowa damu. Ati imeanza alasiri, alidhani ni jua. Namwangalia mikononi, ana mavilio meusi kama aliyepigwa na mtu. Tukakimbia hospitali. Damu ikasoma 6.4.

Daktari akamuuliza: "Mama, umekula nini kipya?" Mama akajibu hakuna. Dawa nyingine? Hakuna. Akarudia mara ya tatu, ndipo mama akasema, "Labda ile ya magoti, lakini ile si dawa baba, ni manjano."

Wakasimamisha warfarini, wakampa vitamini K, tukalala huko. Asubuhi nikaenda nyumbani kulitafuta hilo kopo.

Nimelikuta nyuma ya redio. Kapsuli 60, shilingi 75,000. Aliyemuuzia ni jirani yetu, mama mtu mzima anayeheshimika mtaani, baada ya kumshikisha kile kimashine cha mkononi kinachosoma maradhi ya mwili mzima kwa dakika moja. Kimashine kikasema magoti. Mwanamke wa miaka 67 anayepanda ngazi akishika ukuta, kweli ilihitajika mashine?

Lebo inasema hivi kwa kila kapsuli: dondoo ya mzizi wa manjano miligramu 500, kurkuminoidi asilimia 95, piperini miligramu 5. Meza 2 asubuhi, 2 usiku. Dondoo ni kile kilichokamuliwa kwenye mmea.

Sasa mimi manjano nayajua. Yakichimbwa yanachemshwa, yanaanikwa kwenye turubai mpaka ukivunja kidole kimoja kinalia "tak". Kilo 5 za mbichi zinakupa kama kilo 1 kavu. Na katika hiyo kavu ukisaga, ile kurkumini inayosifiwa (yenyewe na ndugu zake ndizo kurkuminoidi za kwenye lebo) ni kama asilimia 3 hivi, mengine yote ni wanga, nyuzi na mafuta ya harufu.

Pigeni hesabu na mimi. Kapsuli 1 ina kurkuminoidi miligramu 475. Kuzipata kwenye manjano ya jikoni unahitaji gramu 16 hivi, yaani vijiko 5 vya chai. Mama alikuwa anameza kapsuli 4 kwa siku. Hiyo ni miligramu 1,900, sawa na gramu 63 za unga. Vijiko 21 vya manjano kila siku! Nani kati yenu ameshaona sufuria ya mchuzi ikatiwa vijiko 21? Mama mwenyewe akipika samaki wa kupaka anatia ncha ya kijiko, na bado baba alikuwa analalamika kuwa mchuzi unachafua kanzu.

Kwa hiyo aliposema "ile si dawa, ni manjano" hakusema uongo. Aliyekosea ni aliyemwambia kuwa ni kitu kile kile.

Nimefungua kapsuli moja kwenye kisosi. Rangi ni ya chungwa iliyoiva, si ile njano tuliyoizoea. Nikanusa. Mie naweza kukutofautishia gunia la manjano la mwaka huu na la mwaka jana nimefumba macho, lakini pale harufu ilikuwa kama haipo. Mafuta yote yameshaondolewa, wamebakiza kitu kimoja tu.

Wenye utaalamu karibuni, mie nimeishia kwenye mizani.

#2 Bi Makorora

Pole sana kwa mama, Mungu amnyanyue. Na mimi naitumia hiyo hiyo ya magoti jamani, ila sina ugonjwa wa damu. Niache?

#3 Kaunta ya Dawa

Pole mkuu. Nipo duka la dawa hapa Tanga mwaka wa tisa, naona haya kila wiki.

Hesabu zako ziko sawa, ila umeipita piperini kama haimo, kumbe ndiyo yenye kisa. Kurkumini peke yake mwili hauitaki: inaingia, ini linaivunja, inatoka. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu wenye afya gramu 2 za kurkumini pamoja na miligramu 20 za piperini, ambayo ni ule ukali wa pilipili manga yako hiyo. Iliyofika kwenye damu ikapanda mara 20. Tangu hapo wenye viwanda wengi wanatia piperini.

Mama yako alikuwa anapata gramu 1.9 na miligramu 20. Ni dozi ya utafiti ule karibu kabisa, tofauti ni kwamba wale waliipata chini ya uangalizi na yeye aliipata nyuma ya redio.

Piperini inafanya kazi hiyo kwa kuvizuia vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja vitu vigeni. Sasa vimeng'enya hivyo havichagui. Vinavunja kurkumini, na vinavunja dawa nyingi za hospitali pia. Ukivifunga mikono kwa ajili ya kimoja, na vingine vinapita. Propranololi ya presha imeshaonyeshwa kupanda kwenye damu mtu akipewa piperini.

Kuhusu warfarini, mamlaka ya dawa ya New Zealand ilitoa tahadhari mwaka 2018: mgonjwa aliyekuwa ametulia kwenye warfarini alianza bidhaa ya manjano, wiki chache baadaye INR ikapita 10. Mama yako wa 6.4 ana bahati.

Bi Makorora, kama huna dawa nyingine unayotumia, hatari ni ndogo kuliko ya mama yake mkuu, lakini usijipe uhakika. Kuna watu Italia na Marekani waliougua ini kwa hizi kapsuli za manjano. Ukiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi, macho ya njano, au mwili unawasha bila upele, acha siku hiyo hiyo uende hospitali.

#4 Afya Kwanza TA

Mkuu unaharibia watu riziki zao. Mimi nasambaza hizi bidhaa mwaka wa nne na nina shuhuda kibao. Vitu vya asili havina madhara, madhara yako kwenye kemikali za hospitali. Babu zetu waliishi miaka 100 kwa mizizi. Huyo mama inawezekana alizidisha ile warfarini yenyewe.

#5 Mchuuzi wa Muheza

@Afya Kwanza TA, warfarini ya mama naihesabu mimi mwenyewe kila Jumapili, naitia kwenye kile kiboksi cha siku saba. Hakuzidisha hata nusu.

Halafu la "asili haina madhara", bwana weye, umekulia Tanga hii hii? Hujui nyonyo? Punje zake zinaua mtu, ni za asili tena zinaota zenyewe pembeni ya jalala. Lakini mafuta yake tumepakwa sote utotoni na wengine tumenyweshwa kijiko tukakimbilia chooni usiku kucha. Sumu inabaki kwenye mashudu, mafuta yanatoka salama. Ukikamua mmea unaweza kuacha ubaya nyuma, na unaweza kuubeba ubaya wote ukauacha uzuri. Inategemea umekamua nini, kwa kitu gani.

Na babu zetu walitumia mizizi, sikatai. Ila babu hakukamua karibu kilo nzima ya unga wa manjano akaitia kwenye kopo moja.

#6 Mswahili wa Barabara ya 12

Nimecheka hapo kwenye kijiko cha nyonyo, nimekumbuka mateso.

Swali langu mkuu. Mimi natumia kapsuli za mlonge, zimeandikwa "dondoo 10:1". Muuzaji kaniambia maana yake ni nguvu mara 10 kuliko majani. Kweli?

#7 Mchuuzi wa Muheza

Hapo umeniingiza kwenye kazi yangu sasa, tulia nikueleze.

10:1 maana yake wametumia kilo 10 za mmea kupata kilo 1 ya dondoo. Basi. Haisemi nguvu mara 10. Na swali ambalo mnunuzi yeyote wa Muheza angeuliza kabla ya kutoa hela ni hili: kilo 10 MBICHI au KAVU?

Mie nikinunua pilipili manga mbichi kilo 3 napata kavu kilo 1. Sijaiongezea kitu, nimetoa maji. Majani ya mlonge yana maji zaidi, unaanika kilo 4 au 5 unapata 1. Kwa hiyo kama hao jamaa walianza na kilo 10 za majani mabichi, sehemu kubwa ya hiyo "10" ni jua la Mungu tu. Ukiangalia kwa majani makavu, 10:1 yako ni kama 2:1. Lebo nyingi nilizosoma haziandiki ni mbichi au kavu. Sokoni ungemuuzia mtu hivyo ungetupiwa mzani.

Pili, walikamua kwa nini? Maji, spiriti, au kitu kingine? Maji yanachukua haya, spiriti inachukua yale. Kurkumini kwa mfano maji haiyataki, inataka mafuta au spiriti. Mlonge mmoja ukiukamua kwa njia mbili unapata vitu viwili.

Kwa mlonge mimi binafsi sioni haja ya kapsuli. Sifa yake ni chakula: protini, madini ya chuma, vitamini A. Kapsuli moja nusu gramu, utapata protini gani hapo? Chuma majani, yapike na nazi kama tembele. Mti wenyewe uko kwenye kila ua kuanzia Pongwe mpaka Pangani.

#8 Mwalimu Mstaafu

Niongeze kidogo kwa kuwa Amani imetajwa, nimefundisha kule.

Hii habari ya kukamua si ngeni kwenu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902, wakapanda miti ya kila aina, ukiwemo mkwinini. Gome la mkwinini lilikuwa linatumiwa kwa homa tangu zamani, tatizo likawa gome moja lina dawa nyingi na jingine halina kitu, na kwa macho yanafanana. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakaitoa kwinini peke yake. Kuanzia hapo mtu akapewa dozi inayopimika. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, kwinini ya askari wa Kijerumani ilitengenezwa hapo hapo Amani.

Na pakanga pia, ile ya Kichina. Bi Tu Youyou, mtafiti wa China, alipoitafuta dawa ya malaria, kuchemsha kulimwangusha. Aliposoma maandiko ya kale yanayosema loweka kwenye maji ukamue, akabadili, akakamua kwa etha, kimiminika cha maabara, kwenye joto dogo, ndipo ikafanya kazi. Akapata Nobeli mwaka 2015. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linakataa watu kutibu malaria kwa chai ya pakanga: kwenye kikombe hujui umepata kiasi gani, na malaria ukiipa dozi ndogo unaifundisha usugu.

Kwa hiyo ndugu zangu, dondoo si adui. Kwinini imeokoa watoto wangu wawili. Tofauti ni kwamba ile ilipimwa, ikajaribiwa, ikaandikwa dozi.

#9 Msiri

Naomba msaada, sitaki maneno mengi. Natumia ARV, zile za kidonge kimoja kwa siku. Rafiki ananisisitiza kapsuli za kitunguu saumu na nyingine ya kuongeza kinga yenye mimea 18 na madini. Je?

#10 Kaunta ya Dawa

Ndugu, umefanya vizuri kuuliza. Nakujibu kwa uzito.

Kitunguu saumu cha kwenye pilau hakina neno. Kapsuli ni kingine. Utafiti wa mwaka 2002 uliwapa watu kapsuli za kitunguu saumu kwa wiki 3 pamoja na saquinavir, ARV ya zamani, na dawa kwenye damu ikashuka karibu nusu. Yako ni nyingine, lakini unaona jambo lilivyo: hapa mmea haukuzidisha dawa kama kwa mama wa Muheza, uliipunguza. Mwenye INR utamwona anatoka damu. Wa ARV hutaona kitu, virusi vinapanda kimya kimya.

Kuna mmea wa Ulaya unaitwa hypericum, kwenye makopo huandikwa St John's wort, wanauza kwa msongo wa mawazo. Huo ukiuona kwenye ile orodha ya 18, usiguse kabisa. Unaamsha vimeng'enya vya ini vinakula ARV, vidonge vya uzazi wa mpango, hata warfarini.

Na usiyadharau hayo madini. Kama kidonge chako kina dolutegravir, na wengi siku hizi ndiyo mnayo, basi chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu vinaikamata tumboni isiingie. Kanuni ni kumeza ARV saa 2 kabla ya madini hayo au saa 6 baada yake. Hili waambie pia wajawazito wanaopewa vidonge vya damu kliniki.

Beba kopo lenyewe, usibebe jina la kopo, nenda nalo siku yako ya kliniki.

#11 Fundi Baiskeli

Mbona hamgusi zile za wazee wenzangu, za "heshima ya ndoa"? Kuna moja imeandikwa ni mizizi mitupu, lakini nusu saa tu unasikia masikio yamepata moto na pua imeziba. Mizizi gani hiyo ina haraka?

#12 Kaunta ya Dawa

😂 Mizizi yenye haraka hiyo mara nyingi ni sildenafili, dawa ile ile ya hospitali ya nguvu za kiume, imetiwa kimya kimya. Marekani kuanzia 2007 hadi 2016 mamlaka yao ya dawa ilibaini bidhaa 776 za virutubisho zenye dawa zilizofichwa, nyingi zikiwa za nguvu za kiume, za kupunguza unene na za kujenga misuli. Za unene walikuta sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni mwaka 2010 kwa sababu ya moyo.

Masikio ya moto si utani, fundi. Kama una dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya kifua, ukichanganya na hiyo presha inaanguka, unaweza usiamke.

#13 Bi Makorora

Basi nimeacha ya magoti. Narudi kwenye unga wa manjano sokoni. Na mdalasini kwa sukari vipi, nao una kesi?

#14 Mchuuzi wa Muheza

Shoga yangu Bi Makorora, unga uliosagwa na mtu usiyemjua nao una mambo yake. Bangladesh mwaka 2019 watafiti waligundua wafanyabiashara walikuwa wanatia kromati ya risasi kwenye manjano ili yang'ae. Risasi ile ya sumu, inaharibu ubongo wa watoto. Nunua vidole vizima, vunja, angalia ndani, peleka mashineni mwenyewe. Mashine ya kusaga haikosekani Ngamiani.

Mdalasini, shika gamba lenyewe. Wa kwetu huku Usambara na wa Unguja ukikauka unajikunja matabaka membamba kama sigara ya kusokota, ukibonyeza unavunjika. Ule mwingine, kasia, ni gamba moja nene, gumu kama gome la mwembe, unajikunja pande mbili. Kasia ina kumarini nyingi, na kumarini ikizidi inasumbua ini. Wazungu wameweka mpaka wa miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwenye chai hufiki huko kirahisi, kwenye kapsuli za kila siku unafika. Na kapsuli hazikuonyeshi gamba.

Na usiache dawa zako za sukari.

#15 Afya Kwanza TA

Nimesoma yote. Sijafurahi lakini nimesoma. Hizo bidhaa zetu zina vibali, tusidanganyane.

#16 Mchuuzi wa Muheza

Kibali cha nani, cha nini? Tangu 2019 chakula kipo TBS, shirika la viwango, na TFDA ya zamani, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Tiba asili ina baraza lake kwa sheria ya mwaka 2002. Ukisajili kitu kama chakula, umesajili chakula. Ukienda barazani kwa mama yangu ukamwambia kinatibu magoti, umeshatoka kwenye kibali chako. Sikutukani, nakuuliza tu kwenye karatasi yenu imeandikwa "magoti"?

#17 Mchuuzi wa Muheza

Mrejesho, wakuu. Mama alirudi nyumbani, leo damu imesoma 2.4. Mavilio yamebaki rangi ya majani makavu.

Jirani aliyemuuzia alikuja jana na mkungu wa ndizi na shilingi 40,000, akasema nyingine anatafuta. Mama kakataa hela, kapokea ndizi, kamkalisha, wakanywa chai ya mchaichai wakasengenya mpaka magharibi kama hakukutokea kitu. Mie nimekaa kimya, ugomvi wa watu wazima sio wangu.

Alipokuwa anaondoka akaniita pembeni. "Mwanangu, nasikia weye unasoma yale maandishi madogo." Akafungua kikapu. Makopo 14. Anayatumia mwenyewe manane, na ana presha.

Nimeyapanga mezani hapa, nayapiga picha moja moja. Kaunta ya Dawa, usiku huu usilale mapema.